Je, mwanangu ni mgonjwa wa gemu? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Ninafanya kazi ya ushauri nasaha hapa Moshi, na siku mbili kila wiki huwa Arusha. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa ofisini, kwenye simu, nje ya kanisa baada ya ibada, na mara moja ndani ya Kosta tulipokwama kwenye foleni pale Usa River: mzee mmoja aliposikia kazi yangu alinisimulia habari za mjukuu wake mpaka tukashuka stendi. Watu ninaowataja nimewabadilishia mambo madogomadogo ili wasitambulike. Na majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyekaa na mwanao ana kwa ana.

Kucheza gemu kupita kiasi ni ugonjwa kweli, au ni utundu tu wa vijana?

Ugonjwa wa jina hilo upo, ila wanaocheza sana wengi wao hawaugui.

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, linaloitwa ICD-11. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliipitisha orodha hiyo Mei 2019, na ikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Humo uraibu wa gemu umepewa namba 6C51, jirani kabisa na uraibu wa kamari wenye 6C50. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 2013, madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani nao waliutaja katika mwongozo wao, DSM-5. Wao hawakuuhesabu kuwa ugonjwa kamili. Waliuweka sehemu ya nyuma ya kitabu, pamoja na hali zinazohitaji utafiti zaidi. Kitabu kilipohaririwa upya mwaka 2022, waliuacha palepale.

Kwa hiyo ukisikia daktari mmoja anasema upo na mwingine anasema bado, usidhani mmoja wao hajasoma. Kila mmoja ameshika kitabu chake.

Acheze saa ngapi kwa siku ndipo ahesabiwe mgonjwa?

Hakuna idadi. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalowapoteza wazazi wengi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mama mmoja wa Pasua alinijia na daftari la mistari. Alikuwa amelichora safu kwa rula, kwa kalamu nyekundu: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jumla. Wiki sita nzima, hajaruka hata siku moja. Siku za Jumamosi jumla ilikuwa inafika saa tisa, saa kumi. Akalisukuma daftari upande wangu wa meza, akaniuliza, "Dada, hizi zinatosha?"

Nikamwambia nimeona saa, sasa anisimulie ambayo hayakuandikwa. Anakula na ninyi? Anakula. Shule? Anakwenda, na safari hii amepanda nafasi mbili. Ukimtuma dukani? Ananuna kidogo, anakwenda. Halafu akasema kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona kuwa na uzito: kila jioni jua likizama kijana huweka simu chini, akatoka kumfungia bibi yake kuku, bila kukumbushwa na mtu. Gemu iwe imefika wapi, kuku wa bibi wanafungiwa.

Mtoto huyo anacheza sana, na ana haki ya kuwekewa mipaka kama mtoto yeyote. Lakini breki zake zinafanya kazi. Anayeweza kuikata gemu katikati ya mechi kwa sababu ya kuku hajashikwa na ugonjwa ninaouzungumzia.

Mlinganishe na kijana mwingine wa Sakina, fundi simu, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu. Huyu alikuwa anacheza saa nne tu kwa siku, ila zilikuwa saa nne za kazi. Wateja waliacha simu zao, wakarudi kesho, wakarudi keshokutwa, mwisho wakaja kuzichukua zikiwa bado zimefunguliwa vifuniko. Gemu aliifuta mara tano. Mara tano akairudisha, na mara mbili kati ya hizo alikopa bando ili aipakue upya. Fremu ikamponyoka. Alipofika kwangu alisema, "Nikiwa nacheza najua kabisa kwamba naharibu, na mkono unaendelea." Daftari la yule mama lingemwona huyu ni nafuu.

Basi daktari anatazama nini?

Kwa mujibu wa ICD-11, mambo matatu yawepo kwa pamoja. La kwanza, mtu hana tena breki: haamui aanze lini, acheze kwa muda gani, aache lini. La pili, gemu imepanda juu ya mambo mengine ya maisha, mpaka yale aliyokuwa akiyapenda na yale ya lazima yanangoja. La tatu, anaendelea, au anazidisha, ingawa madhara anayaona kwa macho yake.

Hayo matatu peke yake hayatoshi. Lazima yawe yameharibu kitu cha maana: masomo, kazi, familia, uhusiano na watu, afya yake mwenyewe. Na kwa kawaida iwe ni mwenendo wa miezi 12 au zaidi, ukiendelea mfululizo au ukija na kurudi. Daktari anaruhusiwa kutongoja mwaka mzima iwapo dalili zote zipo na hali ni mbaya sana. Gemu iwe ya mtandaoni au ya mashine isiyo na intaneti, vyote vinahesabika.

Mwongozo wa Marekani una orodha ndefu zaidi, dalili tisa, na mtu akiwa na tano au zaidi ndani ya mwaka mmoja anaingia: kuiwaza gemu muda wote; kukosa raha akiikosa; kuhitaji muda mrefu zaidi ili aridhike; kujaribu kupunguza na kushindwa; kupoteza hamu ya mambo mengine; kuendelea licha ya matatizo; kudanganya kuhusu muda anaocheza; kucheza ili kukimbia huzuni au wasiwasi; na kuhatarisha shule, kazi au uhusiano kwa ajili ya gemu.

Mimi nikikaa na familia hupenda kuanza na ile ya WHO, kwa sababu inadai uonyeshe kilichoharibika. Kwenye ile ya dalili tisa, kijana anaweza kufikisha tano na bado maisha yake yakawa yanakwenda.

Kwa nini wataalamu wenyewe wanabishana?

Ubishi huu ni wa kweli, na mzazi anastahili kuujua.

WHO ilipokuwa inaandaa orodha yake, watafiti zaidi ya ishirini waliandika waraka wa wazi kuipinga, uliochapishwa mwaka 2017. Hoja zao si za kupuuzwa. Walisema utafiti uliopo ni dhaifu. Walisema vigezo vimeazimwa mno kutoka kwa dawa za kulevya na kamari. Na waliogopa kwamba mamilioni ya watoto wanaocheza kwa raha zao wangebandikwa jina la wagonjwa. Watafiti wengine wakawajibu kwamba kliniki za nchi nyingi zinapokea watu walioharibikiwa kabisa, na ugonjwa usio na jina haupati daktari, haupati fedha, wala haupati utafiti.

Chukua kigezo cha "kuiwaza muda wote" uone ugumu wake. Kwa mtu wa heroini, kuiwaza heroini kutwa nzima ni ishara nzito. Sasa mtazame shabiki wa Simba au Yanga wiki ya mechi ya watani. Anaiwaza asubuhi, anaiongelea kwenye daladala, usiku anaiota, timu ikifungwa hali chakula. Hakuna anayempeleka hospitali. Kigezo kilekile kinakamata ugonjwa mahali pamoja na mapenzi ya kawaida mahali pengine.

Nasimama wapi mimi? Nasimama na wanaosema jina libaki, ila litolewe kwa uchoyo. Nimewaona vijana kama yule fundi, na sitaki aje kwa daktari aambiwe hana kitu. Nimewaona pia watoto walioitwa wagonjwa na mjomba mmoja aliyesoma makala moja.

Mwanangu amemaliza kidato cha nne. Tangu Novemba anacheza usiku kucha na kulala mchana. Huo si ugonjwa?

Kama ungeniuliza ni msimu gani simu yangu inalia zaidi, ningekwambia ni kati ya Machi na Juni. Wazazi hawaambiwi hili, nami natamani liandikwe kwenye barua ya kumaliza shule.

Fikiria maisha ya huyo mtoto. Kwa miaka minne kengele ilimwamsha, kengele ikamlaza, hasa kama alikuwa bweni. Simu shuleni ni marufuku. Novemba anamaliza mtihani. Matokeo Januari. Kidato cha tano Julai. Hapo katikati kuna miezi minane ambayo hakuna mtu aliyeipangia kitu, na safari hii amepewa simu kama zawadi ya kumaliza. Marafiki zake wametawanyika Same, Babati, Singida. Mahali pekee wanapokutana wote ni ndani ya gemu. Na kwa nini usiku? Muulize. Wengi hununua bando la usiku kwa kuwa ni la bei nafuu, na wenzake wote wapo hewani muda huo. Kijana anayekesha kwa ajili ya bando anapiga hesabu ya fedha, hajarukwa na akili.

Ndiyo sababu sharti la miezi 12 linanipendeza. Linatuzuia kumpa mtoto jina la maisha kwa sababu ya msimu. Wengi wa hawa, kengele ya kidato cha tano ikilia, huamka.

Lakini sisemi ukae tu usubiri. ICD-11 ina kundi jingine, nje ya magonjwa, linaloitwa uchezaji hatarishi: mtu hajaugua, ila namna anavyocheza inamsogeza kwenye madhara. Vijana wengi wa miezi ile minane wapo hapo. Dawa yake ni kuijaza siku. Kozi fupi ya kompyuta, gereji ya baba mdogo, kuuza duka, kufundisha wadogo zake hesabu, mazoezi ya kwaya. Kitu chenye saa ya kuanza na mtu anayemngoja. Na usingizi urudishwe kwanza kabla ya kugombania gemu: simu ilale sebuleni, ya kwake na ya kwako pia, mama. Watoto huniambia, "Baba ananifokea huku anaangalia video kitandani."

Kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo?

Hakuna. Atakayekuuzia kipimo cha mashine kinachoonyesha uraibu wa gemu, shika pochi yako uondoke. Utambuzi hufanywa kwa mazungumzo: na kijana peke yake, na wazazi, ikiwezekana na mwalimu. Yapo madodoso ya kujaza, na yana msaada, lakini kazi yake ni kuchuja nani akaguliwe zaidi. Alama nyingi kwenye dodoso hazijawa ugonjwa.

Nimesikia gemu inafanya ubongo kama kokeini.

Maneno haya yana mzizi. Mwaka 1998 watafiti wa London waliwapima wanaume wanane wakicheza gemu, wakaona dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na tuzo, ikiongezeka. Utafiti ule ni halali. Ila dopamini huongezeka pia mtu akila chakula anachokipenda. Kutoka hapo mpaka kusema mtoto anavuta kokeini kwenye simu ni kuruka mto kwa mguu mmoja. Wazazi wakimwambia mtoto hivyo, anajua si kweli, na siku ukimwambia jambo la kweli kuhusu kokeini hatakuamini.

Wagonjwa hasa ni wangapi?

Wachache kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohoji karibu watu wazima 19,000 wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani, ulikuta wanaoweza kuangukia kwenye vigezo vya Marekani ni chini ya mtu mmoja katika kila 100. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliojumlisha tafiti 53 ulipata takriban asilimia 3, na ulipobakiza tafiti zilizochagua watu kwa uangalifu zaidi, ikashuka karibu na 2. Tofauti hiyo inatokana sana na namna ya kupima. Takwimu hizo si za Kilimanjaro wala Arusha, zichukue kama kipimo cha macho tu.

Kubeti na gemu si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, ingawa vinapakana. Kubeti, mikeka, na yale madubwi ya kutumbukiza sarafu ni kamari, na uraibu wake umejulikana kitabibu kwa muda mrefu zaidi. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria kucheza kamari nchini. Kwa kijana anayecheza mpira wa kwenye skrini kwa kujifurahisha, fedha haimo.

Shida ni milango iliyofunguliwa katikati. Kwenye banda la gemu vijana huwekeana dau, anayefungwa analipa mechi na soda. Ndani ya gemu za simu kuna almasi za kununua, na masanduku ya bahati ambayo unalipa kabla ya kujua kilichomo. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari, ikayapiga marufuku. Kwa hiyo fedha ikianza kupotea nyumbani, taarifa ya miamala ya simu ikaonyesha elfu mbili, elfu tano, elfu tatu usiku wa manane, mweleze daktari hilo mapema. Njia ya matibabu inaweza kuwa nyingine.

Nilimnyang'anya simu, akavunja kioo cha dirisha. Hiyo si arosto?

Inaweza kuwa ishara. Inaweza pia kuwa hasira ya kijana aliyepokonywa kitu mbele ya wadogo zake, mechi ikiwa dakika ya mwisho, wenzake wanne wakimtegemea. Arosto ya heroini ina kutetemeka, kutapika, maumivu ya mwili. Kukosa gemu huleta hasira, kuchoka, huzuni, kukosa utulivu, na wataalamu bado wanabishana kama hiyo iitwe arosto. Nikisikia habari ya kioo huuliza: kesho yake alikuwaje? Wiki iliyofuata je?

Jambo moja sitaki ulipime mwenyewe. Akisema atajiua ukimnyang'anya simu, usijibu "jaribu". Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi chini ya maneno hayo kuna kitu kikubwa kuliko simu.

Daktari alisema mwanangu ana sonona. Mbona mimi naona tatizo ni gemu?

Yawezekana wote mmeona sawasawa, kila mmoja kwa upande wake.

Nilikaa na kijana wa kidato cha tatu, Arusha. Mama yake alianza kwa kusema, "Halali kwa sababu anacheza." Nikamwomba mama atupishe. Kijana akakaa kimya kitambo, akivuta uzi wa mkono wa sweta ya shule, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nacheza kwa sababu silali." Nikachukua karatasi tukachora mstari wa mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Akaweka alama lini aliacha kulala vizuri, lini aliacha kula mchana shuleni, lini alianza kucheza usiku. Usingizi ulipotea Februari, baada ya kuhamishiwa bweni alikodhalilishwa na wakubwa. Gemu za usiku zilianza likizo ya Juni. Kwenye gemu kuna kundi la vijana wasiojua sura yake, wanamwita kamanda. Ukimnyang'anya hilo kwanza, unamwacha na Februari yake.

Mstari ule nautumia kwa karibu kila familia, na unaweza kuuchora hata nyumbani. Kilichotangulia hakimalizi kesi, maana gemu ya usiku nayo inazidisha sonona, na vyote viwili vinaweza kutibiwa kwa pamoja. Lakini daktari anayeandika uraibu wa gemu bila kuuliza kuhusu sonona, wasiwasi, msiba, unyanyasaji, bangi, mirungi, au watoto ambao tangu wadogo hawatulii wala hawawezi kushika jambo moja, hajamaliza kazi yake. WHO yenyewe imeagiza tahadhari mojawapo: kama kucheza mfululizo bila kulala kumetokea ndani ya kipindi cha ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, usikimbilie kuuita uraibu wa gemu.

Mume wangu ana miaka 34, akitoka kazini ni pleisteshen mpaka saa sita usiku. Naye?

Vigezo ni vilevile, umri si kinga. Ila kama anakwenda kazini, anahudumia nyumba, na akiombwa kuacha anaacha, hiyo ni kesi ya ndoa na mazungumzo yake ni ya sebuleni. Zungumzeni jioni ambayo mashine haijawashwa.

Shangazi yake anasema amechezewa. Tumpeleke kwenye maombi?

Mimi ni mtu wa imani, na familia nyingi ninazokutana nazo zimeanzia kanisani au msikitini. Maombi hayagombani na kliniki. Ninachokataa ni mahali panapomfunga mtoto kamba, kumnyima chakula, kumchapa ili kitu kimtoke, au kumwambia mzazi asiende hospitali. Mchungaji mzuri na shehe mzuri huuliza mtoto anaendeleaje shuleni kabla hawajaanza kukemea.

Je, tumpeleke kijijini kwa bibi, mbali na intaneti?

Ushauri huu wa wazee una hekima na una mtego. Nimeona kijana aliyepelekwa kwenye kihamba cha babu yake huko Marangu likizo nzima. Palikuwa na binamu watatu wa rika lake, ng'ombe wa kukatiwa majani, na babu aliyempa shamba dogo la maharage liwe la kwake. Alirudi amenenepa, anacheka, na simu akaichukua baada ya siku mbili, kwa kipimo. Mwingine alipelekwa huko milimani kama mfungwa, nyumba ya wazee wawili, hakuna wa kuzungumza naye, anaambiwa kila chakula kwamba ameaibisha ukoo. Alikaa wiki tatu akihesabu siku. Siku aliyoshuka Moshi alikwenda moja kwa moja kwenye banda la gemu kabla ya kufika nyumbani.

Milima ni ileile. Muulize bibi kwanza kama anaye mtu wa kumpokea.

Mabanda ya gemu yafungwe?

Serikali zimejaribu makubwa zaidi. Korea Kusini mwaka 2011 ilizuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kwenye kompyuta kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, halafu ikaifuta sheria hiyo baada ya kama miaka kumi. Watoto walikuwa wamehamia kwenye simu. China mwaka 2021 iliwabana watoto kwenye saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwa mitaa yetu ya Ngarenaro au Majengo, ningeomba kitu kidogo: mwenye banda asimpokee mtoto aliyevaa sare saa za shule. Wengine wanafanya hivyo tayari, bila kuamriwa.

Matibabu yapo? Kuna dawa?

Dawa iliyothibitishwa kwa ajili ya uraibu wa gemu haipo. Daktari akimwandikia kijana dawa, huwa ni kwa ajili ya sonona au tatizo jingine alilolikuta. Tiba inayotumika zaidi ni ya mazungumzo, ile ya kuangalia mawazo na mazoea: gemu inamwita saa ngapi, baada ya kitu gani, inampa nini asichokipata kwingine, na atakipata wapi. Utafiti wa tiba hii unatia moyo ingawa bado haujawa mwingi. Yule fundi wa Sakina tulianza na jambo moja: simu yake ya kuchezea ilikaa kwa dada yake kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni. Aliteleza mara nyingi. Sasa ana meza ndogo ndani ya fremu ya mtu mwingine, na simu za wateja zinatoka siku aliyoahidi, nyingi kati ya hizo.

Akipewa jina hilo, si ataitwa teja maisha yake yote?

Hofu hii naiheshimu, kwa sababu mtaa wetu una ulimi. Jina la ugonjwa ni la faili na la daktari, na hufutika hali ikipona. Mwambie anayehitaji kujua. Jirani hahitaji, na kikundi cha ukoo cha WhatsApp hakihitaji kabisa. Nyumbani pia msimwite teja wa gemu, hata kwa utani. Nimesikia mtoto wa miaka kumi na tatu akijitambulisha kwangu kwa jina hilo, akidhani ndiyo namna ya kuanza mazungumzo.

Tukaanzie wapi, na tuje na nini?

Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru. Ulizia huduma ya afya ya akili. Kama mko mbali, zahanati au kituo cha afya kitawapa rufaa.

Njoo na ripoti za shule za miaka miwili, ili tuone alama zilianza kushuka lini. Njoo na majina ya gemu anazocheza, yaandike kama yeye anavyoyataja. Kama fedha imepotea, njoo na taarifa ya miamala. Daftari la saa ukiwa nalo lilete pia, sitalicheka.

Na mwambie mnakokwenda. Wazazi wengi humdanganya mtoto kwamba wanakwenda kwa shangazi, halafu anajikuta mbele ya kibao cha kliniki ya afya ya akili, na saa nzima ya kwanza anakaa amegeukia ukutani. Mwambie usiku uliotangulia, mkiwa wawili, kwamba mnakwenda kuzungumza na mtu, na kwamba na wewe utaulizwa maswali.